Kutu Kuu

Wahenga walisema kutu kuu ni la mgeni.
Hawakuwa na Landrova, hao,
wala hawakuilaza Tudor
hatua sitini kutoka maji ya chumvi.

Kila Jumamosi, bati halijapata moto,
natandika gunia, naingia chini chali,
tochi mdomoni,
nagonga chesisi kwa kishikio cha bisibisi
kama daktari agongaye kifua.
Hapa palia ngo: pazima.
Hapa palia pu.
Na pu, Mola wangu, ni shilingi elfu nane.

Mwili wake hauzeeki. Ni alumini.
Umebonyea, umekwaruzwa na miiba ya Taru,
lakini kutu hauijui.
Ni mifupa inayoliwa kimyakimya ndani.
Mamangu alikuwa hivyo:
ngozi ya msichana,
nyonga mbili za kubadilisha.

Baba aliinunua mnadani, idara ya maji,
namba KQD, kijani cha majani ya kunde.
Alipofariki, kaka zangu walichukua nyumba ya Kibokoni.
Mimi nikapewa ufunguo mmoja na uzi wake mweusi.
"Na hilo debe," wakasema, "litwae."

Fundi wangu ni Mwakideu wa Shimanzi,
vidole tisa, ulimi usiojua likizo.
"Mwanasha, springi hii ina majani tisa.
Matatu yamevunjika. Sita yaongopa."
Nikacheka. Bei sikuicheka.

Sili ya ekseli tuliitafuta siku mbili Mwembe Tayari.
Duka la kwanza: haitengenezwi tena.
La pili walikuwa nayo, mpya, nyepesi,
nikaikunja kwa vidole ikapasuka.
La tatu, kijana wa Kibohora akapanda ngazi
hadi chini ya dari, akakohoa vumbi,
akashuka na kiboksi kilicholiwa pembe na mende.
Imelala ndani, nyeusi, ingali na mafuta yake,
miaka arubaini
ikingoja mtu aiulize kwa jina.

"Wauza lini?"
Shangazi huniuliza hata kwenye tanga.
Mwezi wa tatu alikuja mnunuzi wa Nairobi,
viatu vyeupe, akaupiga picha usukani.
Alitaka kuiegesha mlangoni mwa hoteli,
aing'oe injini, apande maua kwenye boneti.
Maua!
Nikamwambia ina mwenyewe.

Kisha masika ya Mei.
Njia ya Mtopanga ikawa mto wenye viatu na masufuria,
na gari jipya la shemeji Twalib,
lile liongealo,
likazama hadi vitasa, likawa larudiarudia
onyo kwa Kijapani, kwa upole,
na hapana aliyelielewa.

Nikashuka, maji magotini.
Nikazungusha kufuli za magurudumu ya mbele,
nikarudi ndani, nikabonyeza kirungu cha manjano,
nikavuta chekundu.
Kikagoma. Mwaka mzima sikukigusa.
Nikakisemesha maneno ya baba,
yale aliyoyasema mama akiwa mbali.
Kikaingia: ngo.

Hatukwenda mbio. Hiyo si gari ya mbio.
Ilitambaa, ikanguruma chini chini,
mnyororo ukakaza, tope likanyonya, likaachia
kwa sauti isiyo na adabu,
na watoto wa Mtopanga wakaimalizia kwa midomo yao.
Twalib haniulizi tena nauza lini.
Huniuliza ni wapi nanunua oili.

Leo Jumamosi. Tone limeniangukia kwenye nyusi.
Karibu na tangi nimesikia pu nyingine.
Nikakwangua, nikapiga msasa, lami ikabanduka,
na chini yake kiraka cha zamani,
mshono wa kuchomea uliopinda kushoto
kama hati ya baba kwenye bahasha.

Kwa hiyo hapa naye alilala chali.
Hapa naye aligonga, akanyamaza.
Nadhani wakati ule
ilikuwa shilingi mia mbili.