Mwisho wa Daka

Alikuja saa nne ya asubuhi, viatu mkononi,
maana mvua ya usiku ilifurisha mtaro wa Mkomani.
Nikamketisha dakani, juu ya baraza la mawe,
nikammiminia kahawa.
Bwana Kalume wa ofisi ya elimu,
kijana mwenye adabu,
na fomu ya kurasa sita.

Mtoto anayesomeshwa nyumbani, jina lake?
Batuli Shee. Miaka tisa. Andika.
Anasoma nini?
Nikamletea daftari zake: hesabu za kugawanya,
ramani ya visiwa kwa kalamu ya kijani,
insha ya punda aliyegoma katikati ya kichochoro
watu wakachelewa mazishi.
Alicheka kwenye insha. Akatia alama.

Ukurasa wa tatu ukasukuma mlango.
Wanaolala chumba kimoja ni wangapi?
Baba yuko wapi, na hutuma kiasi gani?
Maradhi katika familia: taja.
Sababu ya kumtoa shule: eleza kwa kirefu,
mistari kumi na miwili, mitupu, imetandikwa.

Nyumba hii aliijenga babu ya nyanya yangu.
Aliweka daka, kisha mlango, kisha ukuta uliopinda,
aliye nje asimwone anayesuka nywele kiwandani.
Hakuficha kitu.
Alisitiri watu.

Nikasema: sheria yataka kujua kama mtoto anasoma. Basi anasoma.
Akasema: mama, mimi ni wa kutumwa,
nafasi ikibaki wazi mashine huikataa.

Batuli akatoka ndani, akaitwaa ile fomu,
akaisoma kwa sauti, hata “uthibitisho”, hata “mlezi halali”.
Kwenye orodha ya maradhi alinyamaza mahali pamoja,
akaparuka,
akaendelea.
Kisha akauliza: Ami, hii ataisoma nani?

Kalume akageuza kurasa. Akarudi mwanzo.
Akaangalia hata nyuma, penye muhuri.
Haikuandikwa popote.

Akapiga mstari mmoja mrefu juu ya nafasi zote,
akatia sahihi, akavaa viatu vyake vibichi.
Kama mashine ilikubali sijui. Hawajarudi.

Nawe unayesoma, nakuona ulivyoinama mbele,
wangoja nikwambie nilimtoa shule kwa nini.
Kahawa ingali moto.
Keti hapo hapo.