Saba Mara Nane

Jumapili, Signora Ersilia akishameza vidonge vyake,
viwili vyeupe, vitatu rangi ya waridi,
naegemeza simu kwenye kopo la sukari
na kutoka Bari naingia Kutaisi
kwa mlango wa hesabu.

Kiangazi hututenga saa mbili,
baridi ikija, tatu.
Hiyo ndiyo hesabu ya kutoa ninayoifanya kila siku
bila kuulizwa na mwalimu.

Tornike ana miaka tisa na pengo la meno mawili.
Ananiita mchezoni, ubao umeshawaka,
vigae vya rangi vinangoja kupangwa,
pembetatu ubavuni mwa mraba,
usibaki ufa wa kupitisha unywele.
Yeye anasogeza kule, mimi nasogeza huku,
mara vidole vyetu vinang'ang'ania kigae kimoja,
na hakuna anayetaka kuachia.

Mama yangu Lamzira hukaa nyuma yake na kikombe cha chai,
akijidai haangalii.
Shule aliiacha mapema, ila huhesabu kwa ishirini
kama lugha yetu ilivyomlea:
arobaini kwake ni ishirini mbili,
sitini ni ishirini tatu.
Siku mashine ilipouliza
sabini na tano toa thelathini na nane,
mimi na Tornike tukiwa bado tunakopa makumi,
akapaza sauti, "Ishirini na kumi na saba!"
na chai ikamwagika juu ya nyota zetu.

Kelele hizo zilimwamsha Signora.
Akataka kujua nani ameshinda nini.
Miaka mingi aliuza vitambaa kwa mita;
robo, nusu, robo tatu
anavijua kwa kiwiko, si kwa kalamu.
Tangu siku hiyo akijisikia vyema hucheza nasi.
Kidole chake kinatetemeka, kinagusa vigae viwili kwa pamoja,
na mwanangu, asiyeweza kungoja hata supu ipoe,
humngoja.

Kuna sheria aliyoitunga mwenyewe:
anayeshindwa sharti atoe mji.
"Nipe mji!"
Nimeshampa Napoli, nimempa Lecce,
nimempa Bari pamoja na bandari yake na mvua yake,
akaitawala wiki nzima na kuniruhusu kuishi humo bila kodi.
Siku moja nikaishiwa, nikasema, "Basi chukua Kutaisi."
Akakunja uso.
"Huo hauhesabiwi. Huo nakushikia tu."

Nami nina siri yangu.
Swali la mwisho kila Jumapili huwa ni la kuzidisha,
na likija saba mara nane
yeye hujibu hamsini na nne.
Hamsini na nne, miezi mitano mfululizo!
Mwalimu wake ameniandikia kwamba mtoto anaijua jedwali yote
hata ukimgeuza kichwa chini miguu juu.
Lakini ukikosa, mashine hukupa raundi nyingine,
na raundi moja ni dakika kumi na moja.
Kwa hiyo sijawahi kumsahihisha.
Mimi pia nimekuwa mzito wa ajabu kwa pembetatu.

Jumapili iliyopita ilikuwa saba mara nane.
Akatazama juu, kama anayesoma jibu darini.
Nilishaanza kujiandaa kwa hamsini na nne
ndipo kengele ikalia chumbani kwa Signora,
mara moja, kisha mara mbili,
ile ya pili dhaifu kuliko ya kwanza.
Tornike aliisikia.
Alinitazama, mimi, si ubao.
"Hamsini na sita," akasema upesi.
"Nenda, Mama. Anakuita."

Kioo kikajaa nyota.
Nilizihesabu nikiwa nakimbia ukumbini,
nikakosea,
nikaanza tena moja.