Vijiti Ndani ya Sentensi

Kila Jumatatu naandika barua ya visima:
Mkomani, Langoni, Gadeni, Wiyoni,
mstari mmoja kwa kisima kimoja, kwa kuwa kamati
husoma wakiwa wima, miwani kwenye paji.

Zamani niliambatisha jedwali.
Tarakimu zimejipanga kama watoto wa chuo,
na Bwana Shekuwe akaligeuza nyuma mbele
akaniuliza: mai ni matamu au hapana?

Basi nikaandika msimbo. Si mwingi,
mistari kumi na mmoja, usiku, mbu wakinisahihisha.
Unasema: chukua namba za siku saba,
tafuta ndogo kabisa, tafuta kubwa kabisa,
baina yao jenga ngazi nane,
kisha kila siku uipe kijiti cha kimo chake
ukisimamishe papo hapo, kati ya neno na neno,
kisizidi urefu wa alifu.

Sasa sentensi yangu husema:
Kisima cha Wiyoni ▂▂▃▃▅▆█ kinaingiwa na bahari.
Jicho halishuki chini kutafuta picha.
Linapita tu, kama linavyopita juu ya irabu,
na likifika kwenye nukta
limeshapanda ngazi bila kuambiwa.

Mwanzoni nilikosea. Kila kisima nilikipa ngazi zake,
na cha Gadeni, kilichotikisika chembe mbili tu,
kikasimama warefu sawa na kilichoharibika.
Watu wakanunua madumu ya punda siku tatu
kwa hofu niliyoichora mimi.
Nikarekebisha: visima vyote, kipimo kimoja.
Ndani ya msimbo, pale mashine isiposoma,
nimejiandikia: usisahau Gadeni.

Wiki hii Kibibi Famau, mpimaji wa Langoni,
hakuleta namba ya Alhamisi.
Msimbo ukaona tupu, ukaisoma sifuri:
▅▅▆▁▆▅▅
Kisima kikashuka kwa siku moja,
kikawa kitamu kama mvua,
kikapanda tena.
Bwana Shekuwe akanipigia, sauti imechangamka:
Alhamisi mulitia nini Langoni?
Tukitie tena!

Alhamisi, kabla ya adhana, Kibibi alijifungua.
Ndoo ya kupimia ilikutwa kizingitini,
kamba imeviringwa vizuri,
kijitabu wazi, tarehe imeandikwa,
na mbele ya tarehe, hakuna.

Sifuri ni jibu.
Tupu ni mtu ambaye hakufika.
Hayo nilikuwa nayajua,
ila sikuwa nimeyaandika.

Nimeongeza mstari wa kumi na mbili:
ukikuta tupu usikisie,
acha nafasi, upana wa kijiti, endelea.

Kisima cha Langoni ▅▅▆ ▆▅▅ hakijabadilika.

Kesho wataisoma wakiwa wima,
na mmoja wao ataona pengo, kama la jino,
atadhani karatasi ya mashine imekwama.
Nilitaka kuweka sababu pembeni.
Nimeacha. Mpaka arubaini itimie
wifi yake, Mwanapwani, ndiye atakayechota,
na amekwisha kunionya kwamba mwandiko wake
saba na moja ni ndugu.

Mtoto ni wa kike, kilo tatu na robo.
Namba moja tu.
Msimbo wangu hauwezi kuichora bado.