Upatanisho wa Kisarufi

Hobart, Juni, kipupwe cha Tasmania.
Merran Oakford anavuta droo ya kinyamadege:
ngozi tatu, bapa kama soli za viatu,
na harufu ya dawa ya nondo.
Kwenye kikaratasi, kwa wino uliogeuka kutu,
mtu fulani aliandika *ndege*,
akakata.
Akaandika *mjusi*, na alama ya kuuliza,
akakata.
Kisha akaacha wazi,
kama aliyeitwa kula mchana asirudi.

Leo kompyuta inamdai Merran jibu:
*Ngeli?*

Saa tano na robo. Kifua kinamuuma.
Fintan, miezi minne, yuko kwa bibi yake ng'ambo ya mto,
na maziwa hayajui ratiba ya ofisi;
madoa mawili yanatanuka kwenye blauzi ya kijivu.
Anakaa juu ya kreti, pampu mkononi,
kulia kwake mfupa wa sikio la nyangumi,
mzito kama jiwe la kusagia.

Hajui Kiswahili, Merran. Angejua ningemwambia
kwamba kwetu neno ni lile lile,
ngeli ya sarufi na ngeli ya droo,
na kwamba darasa la nne nzima tulikosa:
*kiboko kimelala.*
Amelala! akafoka Mwalimu Mshindo.
Msitazame kichwa cha neno, kichwa kinadanganya.
Ngojeni kitenzi.

Basi nimengoja.
Popo, aliyevaa mbawa, ananyonyesha.
Nyangumi, aliyevaa samaki, ananyonyesha.
Kinyamadege ana mdomo wa bata, anataga,
hana hata chuchu;
maziwa humtoka kama jasho
na wanawe huramba manyoya.
Ananyonyesha.

(Sarufi yetu ina ukarimu wa kupita kiasi, nakiri.
Imemkaribisha hadi mbu,
ambaye hanyonyeshi, hunyonya tu.)

Droo ya tisa ni tupu.
«Hiyo usiijaze,» anasema Desmond Quaife,
aliyebakiza wiki sita astaafu,
naye hageuki kuitazama.
Humo walilazwa watu wa kisiwa hiki hiki,
mafuvu yaliyopimwa kwa bikari,
baada ya sokwe, kabla ya kangaruu.
Orodha ya zamani inasema: *vielelezo vinne,*
*vimesafishwa, vimepangwa.*
Vi. Vi. Vi.
Wajukuu zao walikuja Alhamisi moja ya mvua,
wakakataa toroli,
wakawabeba mikononi, kila mmoja na blanketi lake.
Yule mama wa mwisho alisimama mlangoni,
akawataja kwa lugha yake.
Desmond hakuelewa neno hata moja.
Alivua kofia.

Pampu imenyamaza. Mililita mia na ishirini, vuguvugu.
Merran anachukua kalamu ile ile ya lebo,
anaandika kwenye chupa: *Fintan, Jumanne*,
anaiweka kwenye friji ya wafanyakazi
kati ya jibini la mtu na tufaha lililoumwa.

Anarudi. Kishale bado kinapepesa.
Anaijaza ngeli, herufi moja moja,
kwa kidole kinachonata.
Kile kikaratasi cha kutu hakitupi.
Anakirudisha chini ya ngozi ya kwanza,
na makosa yake yote mawili.