Kandokando ya Reli, Dagoretti

Baiskeli ni ya Shiundu. Breki haina;
alinikabidhi akisema, "Tumia soli ya kiatu."
Mutheu akacheka mpaka akakosa kanyagio.

Jumapili. Hatuna tunakochelewa.
Njia ya vumbi jekundu inaandamana na reli kuukuu,
mara inapotelea majanini,
mara inaibukia ng'ambo, umande magotini.
Mbuzi amelala katikati ya chuma na chuma
kama abiria wa daraja la kwanza.
Hatukumpigia kengele. Hatuna kengele.

Mutheu anasimama kila mahali:
panapouzwa nduma za moto,
penye ua la zambarau asilolijua jina,
penye jiwe lenye namba ya maili
ambayo hakuna anayeihesabu tena.
Mimi nasimama kwa ajili ya pumzi, ila sisemi.

Kivukoni tulimkuta mtoto amechuchumaa.
Ameweka kizibo cha soda juu ya reli,
anangoja garimoshi likifanye sarafu.
"Umengoja tangu lini?"
"Tangu tufunge shule."
Akayatazama magurudumu yetu, akapima.
"Nyinyi je, mna uzito?"

Basi tukapita juu yake, mmoja, kisha mwingine,
polepole, kwa heshima zote za treni;
Mutheu hata alipiga honi kwa mdomo.
Kizibo kiliruka, kikatua, mviringo ule ule.
Mtoto akakirudisha mahali pake.

Jioni, makalio yakinung'unika,
namrudishia Shiundu chuma chake.
Anauliza tulifika wapi.
Nainua mguu, namwonyesha soli
ilivyolika upande mmoja.
"Hapo," namwambia.