Funguo Ndani ya Soksi

Saa tatu na nusu usiku, na jua la Dundee
bado limeegemea dirisha la jikoni
kama mgeni aliyeaga mara tatu, hajaondoka.
Mezani nimetandaza picha kumi na nne
alizotuma Zuwena kutoka chuoni:
mlango. Ngazi. Lifti inayogonga kengele kila ghorofa.
Choo, na mashine ya kukausha mikono
inayonguruma kama pikipiki isiyo na ekzosi.

Kesho ni saa ya utulivu.
Kabla umma haujaingia kutazama kazi za wanafunzi
taa zitapunguzwa, video zitanyamazishwa,
chuo kizima kitatembea kwa ncha za vidole
kwa ajili ya watu ishirini,
mmoja wao Shufaa wangu, miaka kumi na moja,
asikiaye balbu zikilia.

Wiki hii tumepanda basi mara mbili bila kwenda popote:
tukashuka, tukautazama mlango, tukarudi.
Mara ya pili aliugusa mpini.
"Baridi," akasema. Hilo tu. Nikaliandika.
Dereva akauliza, mmesahau kitu?
Nikamwambia hapana, tunakikumbuka mapema.

Zamani sikujua.
Harusi ya binamu yangu, kule Leicester,
spika ndefu kuliko milango,
nikamkaza mkono nikisema atazoea.
Akaingia chini ya meza, akauma upindo wa kanga ya shangazi yake
mpaka jina la kanga likalowa.
Wakasema hana adabu, wakacheka,
nami nikacheka nao.
Msamaha wa kicheko kile
sijui niuombe kwa nani.

Zuwena, miaka kumi na sita, gauni jipya,
akamfuata chini ya meza, akakaa.
Kazi yake ya kuhitimu ndiyo meza ile:
kibanda cha gunia na sufu, kimo cha mtu aliyechuchumaa;
unaingia, na dunia inabaki nje ikikungoja.
Walimu wamempa alama nzuri.
Hakuwaambia alikoitoa.
Mimi nilipoona picha yake nilikohoa tu,
nikaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Haya, mkoba.
Vifunika masikio, vile vya bluu vya mafundi wa barabara.
Biskuti za shayiri, zisizo na zabibu.
Kadi nyekundu ya kusema twende bila kusema.
Zuwena amepiga simu: amebandika karatasi kwenye ile mashine,
kisha akamwomba bawabu, Bi Moira, aizime kwenye swichi,
maana karatasi haizimi kitu.
Ila rangi ya kuta haijakauka, harufu ipo.
Hilo hatukulipanga.

Nilidhani nimemaliza.
Shufaa akashuka na nguo za kulalia
akaweka karatasi kando ya picha zangu:
ramani, kwa penseli, ghorofa zote,
na doa jekundu kila penye kelele.
Lifti, doa. Shakwe wa kwenye paa, doa.
Halafu doa moja linalotembea,
limechorwa mara tisa, kutoka mlangoni hadi kibandani,
sambamba na kidoa cha kijani.
"Huyu nani?"
Akaonyesha mfuko wa suruali yangu.

Funguo.
Za nyumba, za stoo ya kazini,
za baiskeli iliyoibwa mwaka juzi.
Miaka yote hii natembea ubavuni mwake
nikimpigia njuga,
na kuzilaumu taa.

Nikatafuta soksi, ile nene isiyo na mwenzake,
nikazitumbukiza, nikapiga fundo, nikatikisa
karibu na sikio langu,
kisha mbali kidogo na lake.
Alisikiliza kwa muda, kama daktari.
Akachukua kifutio.
Akafuta madoa manane.

La tisa akaliacha, pale kibandani.
"Hapo," akasema, "utakohoa."