Macho Chini ya Kofia

Bibi Helve alirudi Jumanne, theluji ingali mabegani,
akaiweka karatasi mezani kwangu
kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.
"Hapa," akasema, kidole chini ya ukingo wa kofia ya nduguye,
"hapa palikuwa na macho. Umeyapeleka wapi?"

Kwenye skrini Urmas alikuwa bado ananitazama
kutoka mlango wa ghala la viazi, mwaka sabini na nne,
kijivu juu ya kijivu,
ndevu za siku tatu, unaweza kuzihesabu.
Kwenye karatasi: kofia, kisha shimo, kisha kidevu.

Kaarel, kijana wangu wa kazi, akailaumu mashine
na kuupiga teke mguu wake wa chuma.
Mashine haikuwa na kosa.

Nikamwambia: Bibi, skrini ni taa.
Ina moto wake, unakupiga usoni,
hata weusi wake una kimwanga
kinachovuja kama chini ya mlango.
Karatasi haina moto.
Inapokea mwanga wa chumba, inakata wa kwake,
kilichobaki inakurudishia, chenji mkononi.
Na nguo ya kuazima, wajua, haisitiri makalio.

Hakucheka.

Nikampa lenzi. Tazama shavu, nikasema.
Akainama muda mrefu, pumzi yake ikinukia bizari.
"Ni madoa tu."
Ni madoa tu. Mashine haikijui kijivu,
inajua ndiyo na hapana, wino na uwazi;
anayekoroga uji ni jicho, likiwa mbali.
Ila wino ni maji, na karatasi hii uliyoipenda,
laini, isiyong'aa, ina kiu.
Nukta niliyoituma ijaze nusu ya kiwanja chake
inatua, inanyweka, inatambaa pembeni,
na kabla haijakauka imeshakalia theluthi mbili.
Jirani yake vilevile. Na jirani wa jirani.
Ndivyo mtu anavyofumbwa macho
bila mkono wa yeyote.

"Basi hakuna aliyekosea."

Mimi nilikosea. Nilichapa nilichokiona.
Ilinipasa nichape nisichokiona:
picha iliyochuja, ya kutia aibu kwenye skrini,
ili wino ukija kunenepa upate pa kukaa.
Tena Januari hii, saa kumi tu Tartu imeshazimika,
nami nilikuwa nimeiwasha skrini hadi mwisho,
naota joto lake kama paka.

Tukaanza upya, yeye kwenye kiti cha Kaarel.
Nikaushusha mwanga
mpaka skrini ikafanana na karatasi tupu iliyoegemea kando yake.
Kisha nikaishika ile kijivu ya katikati, nikaiinua.
Weusi wa mlango sikuugusa.
Weupe wa theluji sikuugusa.
Urmas akapauka, mashavu yakawa ya mgonjwa,
na mkono wangu ukasita.
"Endelea," akasema Helve.
"Alivyotoka hospitali alikuwa hivyo hivyo."

Karatasi ya pili ikatoka na harufu yake.
Macho yalikuwepo. Moja limefinywa,
theluji ilikuwa inamchoma, au aliyempiga picha
alikuwa amesema jambo la kijinga.
"Mimi ndiye niliyempiga," akasema.

Akaipeleka dirishani, akairudisha chini ya taa yangu,
akaipeleka tena pale penye giza, karibu na makoti.
Huko alisimama sana.
Nikadhani analia, nikajitia kusafisha roli.

"Jikoni kwangu," akasema hatimaye,
"kuna balbu ya wati ishirini na tano,
na ndipo atakapokaa, juu ya redio.
Mwinue kidogo tena."

Nikamwinua kidogo tena.